Usimjibu Mtafiti "Sawa Tu"

Wadogo zangu, sogeeni tuzungumze. Barua za safari hii zimetoka mbali, na nyingi zimegongana kwenye jambo moja, kwa hiyo sitazijibu kwa foleni. Nitazichanganya, nanyi kila mtu atajua panapomhusu.

Mmoja wenu, mzaliwa wa Kongo anayeishi Buffalo, jimbo la New York, ananiambia walimjia vijana wawili wa chuo kikuu. Wana adabu, vitambulisho shingoni, na dodoso refu. Wakamuuliza kama anajisikia salama kutembea jioni, kama nyumba ina unyevu, kama watoto wanalala vizuri, kama ana mtu wa kumkimbilia akipata shida. Naye ugali uko motoni, mtoto mgongoni. Kila swali akajibu "sawa tu". Wakaandika, wakamshukuru, wakampa kadi ya zawadi ya dukani, wakaenda zao. Sasa roho inamsuta, maana ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu, na jioni yeye hatembei, anakimbia.

Pole, mdogo wangu, na wala hauko peke yako. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema njema, hata kama paa limeondoka na upepo jana usiku. Hayo ni malezi mazuri, usiyatupe. Lakini dodoso si salamu. Ukilijibu kama salamu, jibu lako linaingia kwenye jedwali, jedwali kwenye ripoti, ripoti inafika mezani kwa wenye kugawa fedha, nao wanasoma kwamba mtaa wenu hauna shida. Fedha za kukarabati nyumba zinakwenda mtaa wa pili, kwa waliosema. Na hapo utamlaumu nani, wakati mwenyewe ndiye uliyejiandikisha kuwa uko salama?

Najua utasema: mimi ni mgeni, nani atanisikiliza? Haya, tuliangalie hilo la ugeni. Mwaka 1950 mji wenu wa Buffalo ulikuwa na watu 580,132. Ulikuwa mji wa meli za nafaka na viwanda vya chuma. Mwaka 1959 ukafunguliwa mkondo wa Mto St. Lawrence, meli zikawa zinatoka maziwani hadi baharini bila kushusha mzigo kwenu. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem, hapo jirani Lackawanna, kikafunga sehemu kubwa ya kazi zake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye uwezo wakahamia vitongojini, nyumba zikabaki mahame. Sensa ya 2010 ikakuta watu 261,310, hata nusu ya zamani hawafiki. Kisha sensa ya 2020 ikahesabu 278,349. Ilikuwa mara ya kwanza mji huo kuongezeka tangu 1950, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni watu wa Bangladesh, Burma, Somalia, na nyinyi mnaopika sombe upande wa West Side. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenu wenyeji wamepona kweli. Kwa hiyo hilo neno la "mimi mgeni tu" naomba uliweke kabatini. Kwenye miji inayopungua watu, kila kaya inayobaki na kupika chakula cha jioni ina uzito wake.

Na msidhani utafiti uliousaidia mtaa huo ulianzia maabara. Aaron Bartley na Eric Walker walipoanzisha shirika la PUSH Buffalo mwaka 2005, walianza kwa kugonga milango ya West Side na kuuliza watu nini kinawakera. Watu wakataja mahame, zile nyumba zilizopigiliwa mbao madirishani, zenye panya na wavuta bangi. Wale wa PUSH wakafuatilia hati za nyumba hizo, wakakuta nyingi ziko mikononi mwa wakala wa nyumba wa serikali ya jimbo, ambaye alikuwa hazikarabati wala hazibomoi. Basi wakachora sura ya gavana wa wakati huo, George Pataki, kwenye mbao za nyumba hizo, ili kila apitaye amjue mwenye nyumba. (Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu mpaka mjomba akaniuliza kulikoni.) Lakini angalieni kilichotangulia kabla ya rangi na mchoro. Mtu aligonga mlango, na aliyefungua hakusema "sawa tu".

Sasa niwapeleke Flint, jimbo la Michigan, mjue kwa nini jambo hili linanichemsha.

Flint ni mji uliolelewa na kampuni ya magari ya General Motors. Mwaka 1960 ulikaribia watu 197,000. Sensa ya 2020 ilikuta 81,252. Kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii kuhusu mji wa namna hiyo. Watu wakihama, mabomba hayahami. Bomba lililofukiwa kwa ajili ya watu karibu laki mbili linabaki palepale na unene wake uleule. Maji yanakaa humo muda mrefu kabla hayajafika jikoni kwako, dawa yake ya kuua vijidudu inaisha nguvu njiani, na gharama za kulitunza zinawaangukia wachache waliobaki, ambao ndio wenye kipato kidogo. Kwa hiyo mji unapopungua, bili haipungui nao.

Tarehe 25 Aprili 2014, mji ukiwa chini ya meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, Flint iliacha kununua maji ya Detroit, ikaanza kuteka maji ya Mto Flint ili kubana matumizi. Dawa ya kuzuia kutu mabombani haikutiwa. Maji yakaanza kuyala mabomba, na mengi ya zamani yalikuwa ya madini ya risasi, kwa hiyo risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa. Akina mama wakaona maji yanatoka na rangi, watoto wanatoka vipele, nywele zinanyonyoka. Wakaenda mikutanoni na chupa zao. Wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huohuo General Motors ikaacha kuyatumia kwenye kiwanda chake cha injini mjini humo, kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma.

Rudi usome tena hapo. Chuma kililalamika, kikasikilizwa mwaka huohuo. Mama mwenye mtoto mgongoni akaambiwa asubiri, na alisubiri mwaka mwingine mzima.

Mmoja wa akina mama hao ni LeeAnne Walters, mama wa watoto wanne. Hakuwa mhandisi wa maji wala profesa. Alikuwa na mapacha, mmoja wao hakui vizuri, na alikuwa na maji ya rangi ya kutu. Akaanza kusoma taarifa za mji kuhusu maji, ukurasa kwa ukurasa, zile karatasi ambazo mimi na wewe tungefungia maandazi. Akawasiliana na Miguel Del Toral wa shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, wakabaini kwamba ile dawa ya kuzuia kutu haitumiki kabisa. Kisha akapata msaada wa Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech. Sheria ya Marekani wakati huo ilidai hatua zichukuliwe risasi ikizidi sehemu 15 kwa bilioni. Chupa moja kutoka nyumbani kwa mama huyu ilipita 13,000.

Nataka mshike jambo la hizo chupa, maana hapo ndipo penye elimu. Mji ulipokuwa ukipima, watu waliagizwa wafungulie maji yamwagike kwa dakika kadhaa usiku wa kuamkia kipimo. Ukifanya hivyo, risasi iliyokaa bombani inakwenda na maji kabla ya chupa kujazwa, na karatasi inarudi imeandikwa vizuri. Vifurushi vilivyotoka Virginia Tech vilikuwa na chupa tatu. Ya kwanza unaijaza asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa bomba, maji yakiwa yamelala humo kwa muda usiopungua saa sita. Ya pili unaijaza baada ya sekunde 45 za kumwaga, ya tatu baada ya dakika 2. Vilitumwa vifurushi 300. Walters na majirani wakavigawa nyumba kwa nyumba, wakaelekezana jikoni namna ya kujaza, wakahakikisha mitaa yote ya mji imefikiwa, na katika wiki chache zaidi ya 250 vikawa vimerudi. Mnaona? Mwenye nyumba ndiye aliyejua maji yalilala tangu saa ngapi. Profesa asingeweza kulijua hilo akiwa Virginia, hata angekuwa na mashine ya thamani gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu akaja Daktari Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto wa hospitali ya Hurley hapohapo Flint, binti wa wazazi wa Kiiraki aliyezaliwa Uingereza. Rafiki yake wa tangu sekondari, Elin Betanzo, mtaalamu wa maji, alimdokeza wakiwa kwenye chakula cha jioni kwamba maji ya Flint hayatiwi dawa ya kutu. Daktari akaenda kwenye kumbukumbu za damu za watoto waliopimwa hospitalini, akalinganisha kabla na baada ya maji kubadilishwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wenye risasi nyingi damuni walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9, na mitaa iliyokuwa na risasi nyingi zaidi majini ilipita asilimia 10. Tarehe 24 Septemba 2015 akasimama mbele ya waandishi na kusema kwamba risasi imepanda damuni mwa watoto. Msemaji wa jimbo akadai anazikatakata takwimu. Daktari huyo, mtu mzima, mwenye kazi yake na majibu mkononi, amesimulia mwenyewe jinsi alivyojisikia mgonjwa na kuanza kujitilia shaka. Siku chache baadaye watu wa jimbo wakapiga hesabu zao upya, wakakuta zinafanana na zake. Oktoba 16 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Nimelirefusha hilo kwa ajili ya wewe wa barua nyingine, unayesoma shahada ya pili ya mipango miji hukohuko Marekani, unayelia bwenini kwa sababu msimamizi wako amekwambia swali lako ni "la ustawi wa jamii, si la kisayansi". Unataka kujua wanawake waliobaki kwenye mitaa yenye mahame wanafanya nini ili watoto wao wafike shule salama. Umeambiwa utafute swali kubwa zaidi. Sasa unaona kama akili yako ni ndogo, na umeanza kukaa kiti cha nyuma darasani, wewe ambaye kwenu ulikuwa hukosi kunyoosha mkono.

Futa machozi, unisikilize. Kilichokupata kimekwisha kupimwa. Mwaka 2011 Donna Ginther na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba watafiti weusi Marekani walikuwa nyuma kwa pointi 10 za asilimia katika kupata ruzuku za taasisi kuu ya utafiti wa afya, hata ukiwalinganisha na wenzao wenye elimu na machapisho yanayofanana. Mwaka 2019 Travis Hoppe na wenzake wakachimba zaidi, wakakuta sehemu ya pengo hilo inatokana na mada zenyewe. Watafiti weusi walielekea zaidi kuomba fedha za kuchunguza jamii na makundi ya watu, na mada hizo ndizo zilizopewa ruzuku kwa shida. Mwaka uliofuata Bas Hofstra na wenzake wakapitia tasnifu za udaktari za Marekani za miaka karibu arobaini, wakaona kwamba wanaotoka makundi yaliyo machache kwenye sayansi huunganisha mawazo kwa namna mpya mara nyingi zaidi, lakini mawazo yao hayo hayachukuliwi na wengine kwa kasi ileile. Kwa hiyo kuambiwa swali lako ni dogo hakuthibitishi kwamba ni dogo. Mara nyingi kunathibitisha tu kwamba aliyekwambia hajawahi kulala kwenye kitanda hicho.

Lakini usinifurahie haraka, bado sijamaliza nawe. Kuzaliwa mtaani hakukufanyi uwe sahihi. Huko ndiko wadogo zangu wengi mnakoteleza. Mnaona kwa kuwa uchungu ni wenu, basi hoja nayo imekamilika. Walters alikuwa na uchungu, lakini hakuishia kuupeleka mkutanoni. Alijaza chupa kwa utaratibu ambao hata adui yake angeshindwa kuukosoa. Daktari Mona alikuwa na hasira, akazitia hasira hizo kwenye jedwali. Msimamizi wako akikuuliza utapimaje, hilo ni swali halali, na ukilikasirikia utakuwa umemsaidia kukushinda. Rudi na njia ya kupima.

Mfano unao tayari, uchukue Philadelphia. Mji huo nao ulipungua kutoka watu zaidi ya milioni mbili mwaka 1950 hadi milioni moja na nusu mwaka 2000, na ukabaki na maelfu ya viwanja vitupu vilivyojaa matairi na magodoro. Charles Branas, John MacDonald, Daktari Eugenia South na wenzao walichukua viwanja 541, wakavigawa kwa kura. Vingine vilisafishwa, vikasawazishwa, vikaoteshwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye upenyo wa mtu kuingia. Vingine viliokotwa taka na kufyekwa tu. Vingine viliachwa vilivyo. Matokeo yakatoka mwaka 2018. Kwenye mitaa maskini zaidi, matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29. Nyasi, jamani! Nyasi na uzio wa kufika kiunoni.

Na wewe wa "sawa tu", njoo hapa, maana hili ni lako. Katika utafiti huohuo watu walioishi karibu na viwanja vilivyooteshwa nyasi waliulizwa, kabla na baada, ni mara ngapi wamejisikia wenye huzuni nzito. Waliosema hivyo walipungua kwa asilimia 41.5 ukiwalinganisha na wale ambao viwanja vyao viliachwa. Namba hiyo ilitoka wapi? Haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwa watu waliogongewa mlango, pengine nao wakiwa na chungu motoni, wakakubali kumwambia kijana wasiyemjua kwamba wana huzuni. Wote wangejibu njema, zile nyasi zisingeonekana na thamani yoyote, na mji usingekuwa na sababu ya kuzilipia.

Nakuelewa unavyoogopa. Umepitia ofisi ngapi za wakimbizi, umejieleza mara ngapi, kila karatasi ukihisi neno moja baya litakurudisha kambini. Woga huo una sababu, sikucheki. Ila tofautisha mtafiti na ofisa wa uhamiaji. Utafiti halali unaanza na fomu ya ridhaa, nayo inatakiwa iwe katika lugha unayoielewa. Wakikuletea Kiswahili cha vitabuni nawe umezoea cha Bukavu, waambie hujaelewa, watafute mkalimani. Na mkalimani asiwe mwanao wa darasa la nne! Hilo nalikemea kwa sauti. Mtoto hapaswi kusimama sebuleni akiutafsiri uchungu wa mama yake kwa watu wa nje. Fomu itakuambia unaweza kuacha wakati wowote, unaweza kuruka swali, na kuacha huko hakukupotezei huduma unayoipata. Kuna namba ya simu ya bodi ya maadili ya chuo. Fomu isiyo na namba hiyo, rudisha, chemsha chai yako.

Na kabla hujajibu, nawe uliza. Nani amelipia? Majibu yatarudi kwetu lini, na kwa lugha gani? Mtu wa mtaa huu yumo kwenye kamati yenu, au sote tumo kwenye makaratasi tu? Watu wa Flint hawakulisubiri hilo lije lenyewe. Wana bodi yao ya maadili ya jamii, inayosimamiwa na muungano wa mashirika ya mtaani, na watafiti hupeleka mapendekezo yao hapo yakachambuliwe na wakazi wenyewe. Ukisikia mtu anasema jambo hilo haliwezekani kwa watu wasiosoma, mtajie Flint.

Kuhusu malipo, nimeona mmoja wenu ananiuliza kama ni aibu kupokea kadi ya zawadi. Aibu ya nini? Muda wako ni kazi. Mkono mtupu haulambwi, na chuo kimeandika bajeti ya hiyo kadi tangu mwanzo. Kinachonikera mimi ni kingine. Kuna wanaokuita uwe "mwakilishi wa jamii", wakaweka jina lako kwenye andiko la kuombea ruzuku, fedha zikapatikana, na hukuitwa tena mpaka siku ya kupiga picha. Ukikubali jina lako litumike, dai lifuatane na saa za kazi na malipo yake, na uwemo wakati swali lenyewe linatungwa. Kuitwa kujibu swali lililokwisha kutungwa ni kuitwa umechelewa. Na mwanafunzi wangu wa shahada ya pili, wewe hasa angalia usije ukawafanyia wenzio hivyo. Utawaona mama zako kwenye jedwali, utawageuza kuwa "washiriki", na siku ya kutetea tasnifu hakuna hata mmoja atakayejua umesema nini juu yake. Eve Tuck aliandika barua ya wazi mwaka 2009 akizisihi jamii na watafiti waachane na utafiti unaohesabu majeraha peke yake. Ndiyo, andika kwamba wana mahame. Andika pia kwamba mama wa nyumba ya pembeni ndiye anayefyeka kiwanja cha jirani aliyehama.

Swali moja msilisahau, la kodi ya nyumba. Mtaa ukipendeza, bei hupanda, na waliooteshewa nyasi wanaweza kujikuta wanaziangalia kutoka dirisha la basi. Mtafiti akija na mpango wa kuufufua mji, muulize kabla ya yote: wapangaji wa sasa watabaki kwa njia gani? Akiwa na jibu, mkaribishe ndani. Asipokuwa nalo, mkaribishe pia, ila swali hilo liandikwe la kwanza kwenye daftari lake.

Nimebakiza kaka mmoja, ambaye hakuuliza lolote la utafiti. Anataka kununua nyumba mnadani hapo Buffalo, zile zinazouzwa na mji kwa ajili ya kodi isiyolipwa. Bei ni nzuri, mkewe ana mimba, na mtoto wao wa kwanza amefikisha mwaka. Anauliza kama anunue haraka kabla mwingine hajaiwahi.

Kaka, punguza mbio. Nyumba nyingi za Buffalo ni za zamani, zilijengwa miaka mingi kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani. Rangi hiyo ikibanduka inakuwa vumbi, vumbi linakaa kwenye kizingiti cha dirisha, na mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni. Kwenye mnada mara nyingi unanunua kilivyo, bila kuingia ndani kukagua. Kwa hiyo usiinue mkono kabla hujapata fundi wa kukuambia gharama ya paa, mabomba na rangi, na fedha za ukarabati ziwe pembeni tayari. Mkeo asikae humo wakati wa kukwangua, wala asifagie vumbi lake. Na jimbo la New York linataka kila mtoto apimwe risasi damuni akiwa na mwaka mmoja, kisha tena akifika miwili. Wako amefika. Mpeleke wiki hii, uombe majibu kwa maandishi, na uyahifadhi pamoja na kadi yake ya chanjo, ili mkihamia popote muwe na namba ya kulinganishia.